Jino bovu na mfuko mwembamba: Kwa nini anayengoja hulipa zaidi

Wengi wa wasomaji wetu wanaofanya kazi mijini wamewahi kupokea simu kutoka nyumbani ya kuwaarifu kwamba mzazi, ndugu au mpwa hajapata usingizi kwa siku tatu kwa sababu ya jino. Simu ya aina hiyo haikosi ombi la pesa. Pesa hutumwa, vidonge hununuliwa, maumivu hutulia, na baada ya mwezi mmoja au miwili simu hulia tena. Ukijumlisha pesa zote zilizotumwa kwa mwaka mzima kwa ajili ya jino hilo moja, huenda ukagundua kwamba zingetosha kuliziba tangu mwanzo na nauli ikabaki.

Somo letu la wiki hii linahusu pesa kama linavyohusu meno. Tutaeleza jinsi ugonjwa wa meno unavyopanda hatua kwa hatua na gharama ikipanda nao, ni katika hatua gani shilingi ya mtu wa kipato kidogo humfaa zaidi, na ni wakati gani kubana matumizi kunaweza kumtoa mtu uhai. Mfano wetu ni Muthara, Tigania Mashariki, katika Kaunti ya Meru. Tumeuchagua kwa sababu yaliyoko huko yako pia Mbeere, Tharaka, Kitui na hata katika mitaa mingi ya Nairobi, ila Muthara yanaonekana waziwazi zaidi.

Muthara ni soko lililo kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Maua. Watu wa sehemu hizi hutegemea miraa, na pia chai, ndizi, mahindi, maharagwe na mifugo. Mapato ya aina hii hayana tarehe. Mwenye mshahara hujua mwisho wa mwezi utafika. Mkulima wa miraa hungoja mvua, mchumaji na bei ya soko, na soko lenyewe huweza kufungwa na watu asiowajua. Juni 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku. Machi 2020 Somalia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilisimamisha ndege za miraa, na biashara hiyo haikurudi hadi Julai 2022. Katika vipindi kama hivyo watu hupanga mahitaji yao foleni: chakula kwanza, karo ya shule ya pili, homa ya mtoto ya tatu. Jino husimama mwisho wa foleni, kwani haliui leo wala kesho.

Na si Muthara pekee. Uchunguzi wa afya ya kinywa uliofanywa na Wizara ya Afya kote nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban watu wazima 98 katika kila 100 walikuwa na fizi zinazotoka damu, na takriban 34 katika kila 100 walikuwa na meno yaliyooza. Kwa watoto, waliokuwa na meno yaliyooza walikaribia mmoja katika kila 4. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo, katika ripoti yake ya 2022, lilikadiria kwamba magonjwa ya kinywa yanawasumbua karibu watu bilioni 3.5 ulimwenguni.

JINO HUOZAJE?

Katika kinywa cha kila mtu mna bakteria wanaoishi ndani ya ukoga, ule utando laini unaoweza kuukwangua kwa ukucha asubuhi. Bakteria hao hula sukari ile ile tunayokula sisi, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya gamba gumu la jino kidogo kidogo. Mate yetu hupambana nayo. Huipunguza makali na kurudisha baadhi ya madini yaliyopotea, lakini kazi hiyo huhitaji nusu saa au zaidi kila mara unapoonja kitu kitamu.

Hapo ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui. Kinachoozesha jino zaidi ni idadi ya mara unazokula sukari kwa siku kuliko uzito wa sukari yenyewe. Mtu anayekunywa kikombe cha chai ya sukari asubuhi na kingine jioni huyapa mate yake nafasi ya kufanya kazi. Yule anayebeba chupa ya soda na kuionja kidogo kidogo kutwa nzima huyaloweka meno yake katika asidi tangu asubuhi hadi usiku.

Ugonjwa huanza na doa jeupe lisilong'aa, hasa karibu na ufizi au katika mifereji ya magego. Katika hatua hii hakuna tundu na hakuna maumivu. Dawa ya meno yenye floraidi, ikitumiwa kila siku, inaweza kulizuia doa hilo na hata kuligeuza jino likawa imara tena. Gharama yake ni ile ya tyubu ya dawa ya meno.

Likipuuzwa, gamba huporomoka na tundu dogo hutokea. Sasa jino hushtuka ukila kitu kitamu au ukinywa maji baridi, kisha maumivu huisha mara moja. Jino hili linaweza kuzibwa kwa kikao kimoja. Huu ndio wakati wa kupanda matatu. Kwa bahati mbaya, huu ndio wakati ambao hakuna apandaye, kwa kuwa jino "haliumi sana."

Tundu likifika kwenye kiini cha jino, mahali penye neva na mishipa ya damu, maumivu hubadilika. Hayangoji tena kitu kitamu. Huja yenyewe, hasa usiku ukilala, na hudunda kama moyo. Kuziba tu hakufai tena. Njia zilizobaki ni mbili: kusafisha na kuziba mizizi, kazi inayohitaji picha ya eksirei na mara nyingi vikao zaidi ya kimoja, au kung'oa.

Halafu siku moja maumivu hupotea. Mgonjwa hufurahi na kusema amepona. Ukweli ni kwamba neva imekufa. Vijidudu sasa vinashuka kupitia mizizi hadi kwenye mfupa wa taya, na huko hutengeneza usaha kimyakimya. Baada ya wiki, miezi au hata miaka, jipu hutokea. Tungeomba kila msomaji akumbuke jambo hili hata akisahau mengine yote: jino lililokuwa likikuua kwa maumivu, kisha likanyamaza bila kutibiwa, halijapona.

GHARAMA AMBAYO HAIMO KATIKA RISITI

Bei za matibabu hutofautiana kutoka hospitali moja hadi nyingine, lakini mpangilio wake ni ule ule. Katika hospitali za serikali kung'oa jino hugharimu mamia ya shilingi, na kuziba tundu dogo huwa juu yake kiasi. Katika kliniki za kibinafsi mjini bei hizo huingia katika maelfu. Matibabu ya mizizi hugharimu mara nyingi zaidi ya hizo, na baada yake gego hilo mara nyingi huhitaji kuvishwa kofia ngumu ili lisipasuke, na kofia hiyo ina bei yake.

Zaidi ya hayo kuna gharama ambayo hakuna karani anayeiandika. Tuchukue mama anayeuza ndizi sokoni Muthara. Akienda kutibiwa mjini Meru au Maua, analipa nauli ya kwenda na kurudi. Ndizi zake zinaiva bila muuzaji. Asipochelewa atapata nambari katika foleni. Akichelewa, au akiambiwa mtambo umeharibika au vifaa vya kuzibia vimekwisha, atarudi siku nyingine na nauli nyingine. Ikiwa anampeleka mtoto, nauli ni mara mbili na siku moja ya shule imepotea. Kwa mtu kama huyo matibabu yanayohitaji safari tatu hayawezi kulinganishwa na yale ya safari moja, hata kama bei iliyobandikwa ukutani ni sawa. Daktari anayemwambia "rudi Jumanne" anafaa kukumbuka hilo.

Kwa hivyo, kabla ya kusafiri, piga simu au muulize mtu aendaye huko: Kitengo cha meno kinafanya kazi siku gani? Je, kuna ganzi? Je, kuna vifaa vya kuzibia, au siku hiyo wanang'oa tu? Maswali haya matatu yameokoa nauli za watu wengi.

Yafaa pia kujua nani anafanya kazi gani. Si lazima kila jino lipelekwe kwa daktari wa meno mwenye shahada. Humu nchini kuna maofisa wa afya ya meno ya jamii, ambao hufunzwa katika vyuo vya KMTC na kupelekwa hasa katika hospitali za wilaya, ambazo sasa ni za kaunti ndogo. Wao huzing'oa zile ngumu kiasi, huziba matundu ya kawaida, husafisha meno na kuwachunguza watoto shuleni. Yakiwazidi, huandika barua ya rufaa kwa daktari. Kuanzia kwao ni njia ya kuokoa pesa bila kujihatarisha.

Mtu wa kuepukwa ni yule anayezunguka masokoni na koleo mfukoni. Bei yake ni ya chini, ni kweli. Lakini hana ganzi ya uhakika, vyombo vyake havichemshwi ipasavyo, na kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine anaweza kubeba virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Akivunja jino na kuacha mzizi ndani, utalipa mara ya pili hospitalini, na mara hiyo itakuwa upasuaji. Madaktari wa meno nchini husajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Una haki ya kuuliza leseni iko wapi, hata kama bei ni nafuu. Hasa kama bei ni nafuu.

KUZIBA BILA UMEME

Wengi wanaamini kwamba kuziba jino ni lazima kuwe na kiti cha umeme na mtambo ule unaolia kama nyuki. Sivyo. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu waliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tanzania, wakitafuta namna ya kuwatibu watu wa vijijini ambako hakuna umeme, walibuni njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono tu, kisha kujaza tundu kwa aina ya saruji inayoshikana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, kwa kuwa sehemu inayoondolewa ni ile laini iliyokufa. Njia hiyo ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na Siku ya Afya Duniani ya Aprili 7, 1994, ambayo kauli mbiu yake ilikuwa afya ya kinywa, WHO iliitambulisha ulimwenguni.

Ni jambo la kujivunia kwamba tiba inayofundishwa leo katika vyuo vya Ulaya na Amerika Kusini ilizaliwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Ni jambo la kusikitisha kwamba wagonjwa wetu wengi hawaijui wala hawaiombi. Hufaa zaidi kwa tundu dogo lililo upande mmoja wa jino. Hapo kiraka hukaa miaka. Tundu kubwa lililokula pande mbili, kiraka chake hubanduka mapema zaidi. Mwaka wa 2021 WHO iliiweka saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na dawa nyingine ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo hupakwa juu ya tundu kwa dakika chache tu ili kusimamisha uozo. Dawa hii ya mwisho hugeuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi. Kwa jino la mbele la msichana huenda isipendeze. Kwa gego la mtoto wa miaka minne anayeogopa sindano, weusi huo ni bei ndogo.

Je, kung'oa ni aibu? Tumesikia wataalamu wakiwakaripia wagonjwa wanaoomba kung'olewa, kana kwamba wana pesa za matibabu ya mizizi na wamezificha. Maoni yetu ni kwamba gego lililofika kwenye neva, na ambalo mwenyewe hana wala hatapata pesa za kulitibu, ling'olewe mapema na kwa usafi. Hiyo ni afadhali kuliko kuishi nalo nusu mwaka kwa vidonge. Lakini jino la mbele, au gego la kijana wa miaka 15, linastahili familia iketi na kutafuta pesa. Gego likiondoka, majirani zake huinamia pengo na lile la upande wa pili hushuka au kupanda kulifuata, na kutafuna hubadilika kwa maisha yote.

GEGO LA MIAKA SITA

Wazazi wengi hudhani meno ya utotoni hayana haja ya kutunzwa kwa kuwa yataanguka. Meno hayo humshikilia mwenzake wa baadaye nafasi, na usaha wake humnyima mtoto usingizi, chakula na masomo kama ule wa mtu mzima. Lakini kosa la gharama kubwa zaidi liko kwingine. Mtoto afikapo miaka 6 hivi, gego jipya huota nyuma kabisa ya meno yake ya utotoni. Kwa kuwa hakuna jino lililoanguka kabla yake, mzazi hulichukua kuwa la utotoni pia. Ni la kudumu; hakuna jingine litakalokuja badala yake. Mifereji yake ni mirefu na mswaki wa mtoto haufiki huko. Mtu mzima asiye na magego ya chini na ambaye huyalaumu mapenzi yake ya miwa, mara nyingi aliyapoteza kwa sababu hakuna aliyejua yaliota lini.

Mwenye pesa za kumpeleka mtu mmoja tu katika familia kuchunguzwa meno mwaka huu, basi ampeleke mtoto wa miaka 6 au 7.

Kuna pia mila ya kuwang'oa watoto wachanga wanaoharisha au kuwa na homa vijino ambavyo havijatoka, kwa madai kwamba ni "meno ya plastiki" au ya nailoni yanayoleta ugonjwa. Hakuna meno ya namna hiyo. Kinachotolewa ni chipukizi la jino halisi, na watoto wamekufa kwa kutokwa damu na kwa pepopunda. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari na apelekwe zahanati.

MIRAA, SODA NA BIG G

Hatuwezi kuandika juu ya meno ya Meru na Embu bila kugusia miraa na muguka. Watafiti wa Yemen, Ethiopia na Kenya hawajakubaliana kama majani yenyewe yanaozesha meno. Yanayojulikana ni haya: mlaji huweka tonge upande mmoja kwa saa nyingi, na fizi za upande huo huweza kurudi nyuma na kuacha mizizi wazi, kinywa hukauka, na mate ndiyo askari wa meno, na uchungu wa miraa hutulizwa kwa Big G, soda au chai yenye sukari nyingi. Hili la mwisho ndilo jibaya zaidi. Kikao cha miraa cha saa tano chenye soda ni saa tano za asidi.

Chupa ya soda ya mililita 300 ina takriban vijiko 8 vya chai vya sukari. WHO inashauri mtu mzima asipitishe takriban vijiko 12 kwa siku, na ikiwezekana asipitishe 6. Anayetafuna na hataki kuacha, basi anywe maji au chai isiyo na sukari, atafune bazoka isiyo ya sukari ikiwa itapatikana, na apige mswaki kabla ya kulala hata kama usingizi haujaja.

KINGA YA BEI NAFUU

Dawa ya meno inayofaa ni ile yenye floraidi ya ppm 1000 hadi 1500. Nambari hiyo huandikwa kwenye tyubu. Isiyo na nambari hiyo, hata ikiwa ya mitishamba na bei yake juu, haitakulinda vya kutosha. Matangazo ya biashara huonyesha dawa ikiwa imejaa mswaki mzima. Hiyo ni faida ya mwenye kiwanda. Mtu mzima na mtoto wa zaidi ya miaka 3 hutoshwa na kiasi cha punje ya njegere. Mtoto mdogo zaidi, kiasi cha punje ya mchele. Ukitumia nusu gramu kila mara, tyubu ya gramu 100 itamtosha mtu mmoja siku 100 akipiga mswaki mara mbili kwa siku, au familia ya watu watano siku 20. Ukimaliza, tema povu lakini usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Mara ya usiku ndiyo muhimu zaidi.

Mswaki wa mti, kama ule unaouzwa na watu wa Isiolo, husafisha vizuri ukitafunwa ncha mpaka uwe na nyuzi na ukasuguliwa polepole kwa kila jino. Wasio na dawa ya meno wautumie bila haya. Lakini hauwezi kushika mahali pa floraidi, kwa hivyo wenye uwezo watumie vyote viwili. Mkaa uliosagwa huparuza gamba la jino na hauna faida.

Fizi zinazotoka damu huwafanya watu wengi waache kupiga mswaki mahali hapo. Fanyeni kinyume: damu ni dalili ya ukoga uliokaa, na ukisafishwa kwa upole kila siku damu hupungua baada ya wiki moja au mbili. Isipopungua, onana na mhudumu wa meno, na hasa ikiwa una kisukari au una mimba.

UNAPONGOJA NAULI

Jino likianza kuuma na huwezi kusafiri leo, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kumeza vidonge 2 vya parasetamoli vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, asipitishe vidonge 8 kwa siku. Ibuprofeni hufanya kazi vizuri kwa maumivu ya jino, lakini imezwe baada ya kula, na wasiitumie wajawazito, wenye vidonda vya tumbo na wenye ugonjwa wa figo. Pamba yenye tone la mafuta ya karafuu ikiwekwa ndani ya tundu hutia ganzi kwa muda. Usiweke aspirini juu ya ufizi, huunguza nyama. Usithubutu kutia maji ya betri wala dawa ya mifugo. Kuna waliopoteza sehemu za ulimi na taya.

Na zile dawa za kuua viini, amoksilini na wenzake, ambazo duka la dawa huuza vidonge sita sita? Haziponyi jino. Zinaweza kutuliza uvimbe kwa siku kadhaa, lakini chanzo kimo ndani ya jino na damu haifiki huko tena. Kuzinunua kila mwezi ni kulipa kodi ya nyumba ambayo paa lake linaanguka.

Kuna dalili ambazo zikitokea hakuna kungoja nauli. Kopa, chukua pikipiki, amsha jirani. Uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, au kupanda hadi kufumba jicho. Kinywa kutofunguka. Kushindwa kumeza hata mate. Ulimi kuinuliwa, sauti kubadilika, kupumua kwa shida. Homa kali na kutetemeka pamoja na uvimbe. Usaha wa jino la chini ukiingia chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa kwa muda wa saa chache, na watu wazima wenye nguvu zao hufa kwa jino. Mgonjwa wa aina hii apelekwe hospitali kubwa, idara ya dharura, hata usiku wa manane; asingoje kitengo cha meno kifunguliwe asubuhi.

PESA ZITATOKA WAPI?

Tangu Oktoba 1, 2024, NHIF ilibadilishwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mchango wa chini kwa asiye na ajira rasmi ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Jisajili, lakini usidhani kadi italipia kila kitu. Uliza dirishani kabla ya kuketi kwenye kiti: Jino hili litalipiwa? Kiasi gani? Nitaongeza ngapi? Hospitali za umma pia huwa na utaratibu wa kuwasamehe ada wasiojiweza, na mtu wa kuonwa ni ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo. Msamaha huombwa kabla ya kulipa, si baada.

Wakazi wa Nairobi na wanaoweza kufika huko wakumbuke Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hutibu wakisimamiwa na walimu wao. Kazi huchukua muda mrefu, lakini kwa kawaida bei huwa chini ya kliniki za kibinafsi na mwalimu hukagua kila hatua.

Vyama vya akina mama vina nguvu kuliko vinavyodhani. Chama kinachonunuliana sufuria kwa zamu kinaweza kutenga zamu moja kwa mwaka iwe ya kuziba meno, au kikamwalika ofisa wa afya ya meno akachunguza watoto wote siku moja. Nauli ya mtu mmoja badala ya thelathini. Mwenye chai anaweza kulipangia jino lake bonasi ya Oktoba. Nawe uliye mjini, ukiulizwa pesa za vidonge kwa mara ya pili kwa jino lile lile, tuma nauli na ya matibabu, na uulize siku ya kwenda.

Aliyeng'olewa jino aume pamba kwa nguvu kwa nusu saa bila kuitoa kuitazama. Kwa siku hiyo asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asivute sigara, asinywe pombe wala vitu vya moto, na miraa aiache kwa siku kadhaa, kwa kuwa bonge la damu lililo ndani ya shimo ndilo linaloponya. Kuanzia siku ya pili asukutue taratibu kwa maji ya chumvi baada ya chakula. Damu ikiendelea kuchuruzika hata baada ya kuuma pamba safi kwa saa nzima, au maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, arudi pale pale alipong'olewa, akiwa na risiti yake.